Kuku wa Shukrani

Bwana asifiwe, wapendwa! Nanyi mlio kule nyuma karibu na mlango, asifiwe tena! Wazee wangu, shikamooni.

Mnanijua, mimi ni kitinda mimba wa Mama Yohana wa hapa Mkonze. Nilisoma uchumi chuo kikuu, mama akilima alizeti ili nisome. Nilipohitimu niliamini mahali pa mchumi ni wizarani tu. Nikaomba kazi mwaka mzima, kimya! Aibu ikanishika. Siku mama aliponiuliza, nikamjibu, "Nimepata, mama. Wizarani." Jamani, uongo ule! Kila asubuhi navaa sketi iliyopigwa pasi, naaga, kumbe naenda kushinda stendi.

Ndugu zangu, Jumapili moja mama akaleta kuku wa shukrani, yule tetea wake mwekundu aliyekuwa akitaga kila siku. Baada ya ibada mzee wa kanisa akamnyanyua, akaanza kumnadi kama tunavyonadi sadaka zetu: "Binti yetu ameingia wizarani! Nani anaongeza?" Mkaongeza kwa vigelegele. Hata bibi mmoja mjane akafungua pindo la khanga yake. Hapo nikashindwa. Nikapaza sauti, "Mwacheni kuku! Sina kazi. Nimedanganya."

Nikajua mama ataondoka kwa aibu. Mama akasema, "Endeleeni kunadi. Mwanangu amesema kweli, hiyo nayo ni shukrani." Ee Mungu wangu! Nililia mpaka gauni likalowa.

Kesho yake akina mama wa alizeti wakanijia. "Hebu tuambie, huo uchumi unasaidia nini?" Nikawaeleza kwa nini bei hushuka wote tukivuna, na faida ya kuhifadhi pamoja na kuuza pamoja. Wakanifanya katibu wa ushirika wao, na sasa nafuatilia masoko mpaka Chemba. Niliosoma nao, mmoja yuko benki, mmoja anafundisha, mwingine yuko kwenye takwimu. Milango yote hiyo, nami nilikuwa nimeng'ang'ania mmoja!

Ewe uliyebeba uongo, mwamini Mungu, uutue leo. Hatakuacha uaibike. Mimi nimeridhika, wapendwa, nalala fofofo.

Na pale nje, kwenye nguzo ya kengele, nimefunga tetea niliyemfuga mwenyewe. Mzee wa kanisa, umnadi kwa sauti mama yangu asikie: safari hii kazi ipo!