Uso wa Darubini Kwenye Chupa

Marehemu, ambaye wengi tulimwita Darubini, alizaliwa tarehe 9 Machi 1964, kitinda mimba wa fundi cherehani na mkunga. Akiwa na miaka sita alimpasua chura kwa wembe wa baba, "nione kinachomrusha." Alichapwa. Machozi hayajakauka, akatuonyesha msuli wenyewe.

Shule ya msingi alishika namba moja miaka yote saba. Dada yake mkubwa aliishia hapo. Yeye alifika chuo kikuu, akahitimu 1988.

Miaka thelathini alifanya kazi maabara ya saratani, chumba cha chini kisicho na dirisha, akichunguza kimeng'enya kimoja tu. Alitueleza jikoni, mwiko mkononi: "Mnaona utomvu wa papai unavyolainisha nyama ngumu? Uvimbe nao una wa kwake. Unalainisha ukuta ili upite. Sisi tunatafuta dawa ya kuufunga mdomo."

Sote tulielewa. Shemeji yake, muuza dawa za chupa, alisikia papai tu.

Mwaka 1993 aliolewa na kaka wa huyo huyo, mwalimu wa hesabu, mtu mpole asiyefanana naye hata kivuli. Walijaliwa binti mmoja.

Mwaka 2022 saratani ilimshika yeye mwenyewe, titi la kushoto. Januari hii, wodini, mama wa kitanda cha pili alikuwa amekataa dripu, anakunywa maji ya kijani. Kwenye picha ya chupa, marehemu anatabasamu ndani ya koti lake jeupe.

"Si wewe huyu, daktari? Nimeamini kwa ajili yako."

"Mama, hayo ni maji ya mapapai. Rudi kwenye dripu."

"Mbona unajikana, mwanangu?"

Marehemu alitapika, na dawa hazikuhusika. Yule mama alizikwa wiki iliyofuata.

Shemeji alipokuja kumjulia hali, aliambiwa abandue picha. "Nitabandua, shemeji," alisema, huku akimenya chungwa la mgonjwa. "Maboksi yakiisha."

Marehemu alifariki Jumanne, 6 Februari 2024, saa nne asubuhi, akisema, "Dada, uso wangu."

Leo chupa hizo zimeuzwa langoni, kwenye msiba wake. Inatia kinyaa, na kinyaa hakipakwi sukari.

Ameacha mume, binti, na mimi, dada yake. Shemeji hatumwandiki. Beseni la maji ya moto liko kando ya kaburi. Kila mwenye chupa aje abandue picha kabla ya kushika udongo, na mwenye maboksi atangulie. Ya mwisho ikibanduka, ndipo mdogo wetu atapumzika kwa amani.