Luhaga na Kiwanda cha Nyuzi

Hapana, Elia, baba yako hapelekwi Ipililo. Kaburi limechimbwa ndani ya mawe ya mpaka wa kiwanda kama alivyotaka, na mimi Nyanjige, dada yake mkubwa, nimesimamia. Unasema, "Shangazi, walikataza kuzika mle." Kaa kwanza, nimalize wasifu.

Marehemu Luhaga Athanasi alizaliwa Ipililo, Maswa, tarehe 14 Aprili 1953. Tarehe kaziandika binti yake, Milembe. Mimi nakumbuka tu mvua ilibomoa zizi. Alisoma hadi darasa la nne, akahamia Dutwa kulima pamba. Mwaka 1978 alimwoa Monika kanisani, kwa suruali ya kuazima, fupi hata padri alitazama pembeni.

Mwaka 2016 wapimaji walisimika mawe shambani kwake. Mkutanoni tuliambiwa pamba yetu haitaondoka tena ghafi kwenye malori. Itasokotwa hapahapa, vijana wapate kazi. Ila ndani ya mawe pasilimwe, pasijengwe, pasizikwe mtu. Luhaga alitii kuliko wote. Hata ng'ombe aliwazungusha nje.

Kiwanda hakikuja. Yeye akaanza kukisikia. Alfajiri king'ora kikilia, alinawa uso akaenda kusimama palipochorwa geti. Nikamtania, "Mdogo wangu, umeajiriwa na upepo?"

"Dada, nyamaza, nitachelewa."

Jioni alirudi na nyuzi nyeupe nyweleni, msimu ambao Dutwa nzima tulilima dengu. Nilizikusanya. Mto anaoulalia sasa jenezani umejaa hizo, asiyeamini aguse.

Januari 2025 kifua kilimbana. Daktari alitazama picha, akamuuliza alifanya kazi kiwanda gani cha pamba, miaka mingapi. Luhaga akajibu, "Tisa." Monika alitoka nje kulia. Luhaga alifariki tarehe 9 Mei, alfajiri, akiwa amevaa viatu.

Ameacha mjane, watoto wawili, wajukuu saba, na mimi, ambaye tangu juzi nakisikia hicho king'ora. Ndiyo maana nakataa, Elia. Tukimlaza Ipililo, kila alfajiri atakuwa njiani kurudi huku, na atapita mlangoni kwako. Hapa atakuwa ameshafika. Alale kwa utulivu, asiamshwe na...

Mtendaji, mwangaluka, karibu. Hao wenye kofia ngumu ni kina nani?

"Mwangaluka, mayu. Wametumwa na kiwanda. Wanamtafuta Mzee Luhaga. Wanasema kazi inaanza leo."