Kivumbasi Hakitaki Shikamoo

Kijiwe cha kahawa cha Kongowe kina benchi moja na birika la Sadick, na kila anayekaa pale kapewa jina: Mzee Jumbe ni Daktari Mizizi, Abdala ni VAR maana hakuna neno linalopita bila yeye kulikagua, Lusajo wa bodaboda ni Injini. Mimi huwa napita tu, shikamoo, naenda zangu. Siku ile nilipita saa tisa alasiri, Yasmin mgongoni, miezi minane, anachemka tangu alfajiri, mkononi nina kivumbasi nimekichuma nyuma ya uwanja, na shikamoo sikutoa. Bi Mwanamvua mwenye nyumba wangu, mtu wa Magindu, alinionya: ukishachuma dawa usisalimie mtu mpaka uingie nayo ndani, ukifungua mdomo nguvu zote zinamwagika njiani.

— Mama Yasmin, siku hizi tunapitwa kama nguzo za umeme? — VAR huyo.

— Mwache, kashika dawa, — Mzee Jumbe akasema. — Mtoto ana homa?

Nikaitikia kwa kichwa. Na nikasimama, Mungu anisamehe, nikasimama, maana Bi Mwanamvua alishakwenda msibani na nilikuwa sijui nikifika nyumbani nakifanyaje.

— Unakifikicha, unamnusisha, basi, — akasema Mzee Jumbe.

— Mzee, hiyo ya mafua! — Injini akadakia. — Homa anaogeshwa. Mimi nimeanza darasa la kwanza nanukia kama pilau.

— Wote mmeotea, — VAR akasema. — Unakichoma chini ya kitanda. Homa kaileta mbu, mbu akikimbia anaondoka na homa yake.

— Ambayo keshaimwaga mwilini? — Injini akamuuliza.

— Sasa mgeni njoo mwenyeji apone maana yake nini?

Sadick akaacha kumimina.

— Bibi yangu kule Janga alikuwa anafunga tawi kwenye mkia wa jogoo. Jogoo anafukuzwa, homa inakimbia naye.

— Na jogoo akirudi? — VAR akauliza.

— Ndiyo maana analiwa siku hiyohiyo.

Wakacheka. Mzee Jumbe akainuka, akamchungulia Yasmin.

— Oneni alivyotulia. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Huyu halii, basi dawa ishaanza kazi kwa harufu tu.

Nikafurahi. Kweli kabisa, nikafurahi.

Pembeni kulikuwa na dada nisiyemjua, ana trei za mayai, anasubiri bodaboda. Muda wote alikuwa anatazama mgongo wangu.

— Samahanini. Huyo mtoto mara ya mwisho kalia saa ngapi?

VAR akamtazama Mzee Jumbe. Mzee Jumbe akanitazama mimi. Asubuhi? Nilipomwosha alilia? Au ile ilikuwa jana, jana alilia sana, leo nimembadilisha nepi, nimempa ziwa akaliachia, na mimi nikashukuru kwamba kalala.

— Sijui, — nikasema, na kivumbasi kikaniponyoka.

Injini alishawasha pikipiki. Yule dada akanisaidia kumhamishia Yasmin kifuani, na njia nzima hadi zahanati namfinya paja, namwomba alie. Alie tu, hata kidogo.

Alilia alipochomwa kidole kupimwa damu. Kilio chembamba, cha hasira. Nesi akambeba mbiombio kumpeleka ndani, kilio kikimfuata, na mimi nyuma yao.

Injini, kofia bado kichwani, akapiga simu kijiweni.  Walipopokea, akaielekeza tu kule kilio kilikokuwa kinatoka, wasikie.