Mwalimu Nailantei Parmuat na Insha Niliyoinyima Alama

Tarehe thelathini mwezi huu wa Aprili, Mwalimu Nailantei Parmuat anastaafu baada ya kufundisha Kiswahili kwa miaka thelathini na mitano, ishirini na miwili kati yake hapa shuleni kwetu Noonkopir. Idara imeniomba mimi, Mwololo, niandike wasifu wake kwa sababu tumefundisha madarasa jirani muda huo wote. Wangejua nilivyomwonea wivu, wangemwomba mtu mwingine.

Alizaliwa Kisaju katika nyumba ya wafugaji, akaanza kazi mjini Kajiado, kisha akaletwa kwetu. Husahihisha kwa kalamu ya kijani. Nyekundu, husema, ni ya wachinjaji. Hunywa chai akiwa amesimama. Wanafunzi humpenda bila yeye kuhangaika, na hilo ndilo lililoniuma tangu mwanzo. Mimi niliwapa muhtasari wa kurasa arobaini, wakasinzia. Yeye aliingia na chaki moja, na kelele za mabishano zikapita ukutani hadi kwangu.

Nilimsikia mara nyingi akiwaambia, "Wivu si dhamira. Wivu ni mada tu. Niambie mwandishi anasema nini kuhusu wivu, kisha unionyeshe ukurasa." Wangu waliendelea kuandika, "Dhamira ya riwaya hii ni wivu. Wivu ni tabia mbaya." Walikuwa wamenakili kwangu.

Mwaka wa 2014, katika mtihani wa majaribio wa Kidato cha Nne, tuliuliza swali kuhusu dhamira ya riwaya iliyosimulia habari za ndugu wawili na kisima. Insha bora ingewakilisha shule katika shindano la Kajiado. Ugbad, binti wa mwenye duka la nguo pale stendi, alikuwa wa darasa langu, na kwa kawaida hakupita alama nane kati ya ishirini. Safari hii aliandika kurasa nne nisizoweza kuziandika mimi. Niliitambua mbinu mara moja: saa za chakula alikuwa akienda kwa Mwalimu Parmuat. Nikampa tisa.

Kesho yake Mwalimu Parmuat alikuja mezani kwangu na karatasi ile, aliyoonyeshwa na Ugbad. "Mwalimu Mwololo, hapa umesoma insha, ama umenisoma mimi?"

"Amekariri maneno yako," nikajibu.

"Basi mwite, umuulize."

Ugbad alikuja, mikono nyuma. Nilimuuliza kwa nini yule ndugu mdogo riwayani alifukia kisima cha kakake.

"Mwalimu, si kisima alichukia," akasema polepole. "Alichukia vile watu walikuwa wanamshukuru kakake. Ndio maana alifukia maji yenye hata yeye alikuwa anakunywa. Mwandishi anasema mwenye wivu huanza kujiumiza mwenyewe."

Mwalimu Parmuat hakuniangalia. Alimtazama Ugbad tu. Nikachukua kalamu, nikafuta tisa, nikaandika kumi na saba.

Ugbad alienda Kajiado na kuibuka wa pili. Mshereheshaji alipouliza mwalimu wake ni nani, akasomewa jina la mwalimu wa darasa, yaani langu. Nilisimama, nikapigiwa makofi, nikapewa cheti. Mwalimu Parmuat alikuwa kiti cha nyuma, naye akapiga makofi. Sikulitaja jina lake. Cheti hicho kimening'inia ofisini miaka yote hii, na wageni hunipongeza.

Ijumaa iliyopita nilimwambia ukweli, kwamba siku ile sikumtaja kwa sababu ya wivu, nikiwa nimejiandaa kwa hasira yake. Alicheka. "Nilijua. Ulipokea makofi ukiangalia viatu vyako. Mimi nilifurahi, kwa sababu tangu siku ile uliacha kusomea watoto muhtasari." Hata katika kusamehe amenishinda.

Basi isomwe mbele ya wote: Ugbad, ambaye sasa ni mwalimu wa Kiswahili, alifundishwa insha na Nailantei Parmuat. Mwalimu mkuu amekubali cheti kiandikwe upya kwa jina la Mwalimu Parmuat. Atakabidhiwa leo, na mimi ndiye nitakayempelekea mkononi, nikimtazama usoni.

Mwalimu, ahsante kwa mwanafunzi wangu uliyemfundisha, na kwa mimi uliyenivumilia. Nenda Kisaju salama, ng'ombe wako wanenepe, wajukuu wakubishie kila jioni. Bado nakuonea wivu.