Uji wa Mzazi

Kwenye teksi ya Probox ya kwenda Iguhu, mama mmoja alikuwa ameziba pua. "Omena yako inanichafua roho," alimwambia msichana aliyeketi kando yake na mfuko wa dagaa hao, "na mimi nilikuwa naipendanga."

"Uliona mwezi lini, Mama?"

"Ulikatika Januari. Ni uzee, mtoto wangu. Hapa napelekea bibi ya kijana yangu uji mchachu hospitalini, amenizalia mjukuu wa kwanza."

"Na usingizi?"

"Mwingi!"

"Mama, pimwa mkojo."

"Shindwe! Nizae pamoja na yeye? Watu wa boma watasema nini?"

Sisi wengine tulitazama mashamba kwa bidii.

Gari liliposimama kwenye geti la hospitali, mama aliitikisa chupa ya uji. Tangu mjini alikuwa akijimiminia kidogo kidogo. Halikubaki hata tone.