Mbonigaba wa Kasindiro, mutengenezaji wa fromaji

Batu ya familia, bajirani, bakristo wote, mukae muzuri, njo mimi Dancille, dada mukubwa wa marehemu, nitasema maisha yake, batoto walitaka kuandika nikakatala, huyu nilimubeba kwa mugongo, sina lazima ya karatasi.

Mbonigaba Pierre alizaliwa Kasindiro, teritware ya Masisi, tarehe mbili mwezi wa tano mwaka 1961, mama akiwa anapalilia maharagi, kisha akafwata Védaste, muko munamuona pale na kofia yake ya chefu wa muji, sisi batatu njo tulibakia kwa baba yetu.

Masomo alifanya kwa misioni mupaka mwaka wa tano, mu 1973 baba akamutosha ku masomo achunge ngombe, akaingia kwa bazee ba fromaji, njo jibini, akajifunza kuchemsha maziwa na kuifinya mu mule, kile chombo ya mbao yenye inaipa umbo, na chini ya kila mule alichonga jina ya Kasindiro, fromaji ikitoka inakuwa na jina kwa mugongo, mupaka Goma bamama ba soko walikuwa wanaigeuza kwanza, kama jina haiko wanarudisha.

Tarehe kumi na ine mwezi wa saba 1984 alioa Verdiane mu kanisa ya Kasindiro, wakazaa batoto sita, bane beko hapa na Claudette mukubwa wabo, babili vita iliwakula, mama yabo iko anasikia, sitaongeza.

Mu mwezi wa kumi 2022 komanda moya, Radi walikuwa wanamuita, alikamata Kasindiro, siku ya mungu akaingia mu kanisa na bunduki yake, katekista wetu Esdras, mutu wa woga, akachagua kusoma mahali Daudi alikamata ngome akaiita muji wa Daudi, alifikiri atamufurahisha, na kweli alifurahi, akauliza kama mwenye kushinda anaruhusiwa kuitia mahali jina yake, Esdras akaitika, wiki haikuisha plake ya jina mupya ilikuwa imesimama kwa bariere ya basoda, Radiville, sawa Bazungu na Stanleyville yabo, mwenye kutaja Kasindiro anachapwa. Védaste alikubali, akapewa uchefu, sikukuja hapa kuficha hiyo, tangu siku ile hawa ndugu hawakukula sahani moya.

Komanda akatuma neno kwamba mule zichongwe upya. Mbonigaba akazipasua na shoka mbele ya basoda, akawaambia: « Maziwa ni ya ngombe yangu, jina ni ya bababu yangu, nyinyi muko na bunduki tu. » Walimupiga na kitako ya bunduki kwa figo mupaka akanyamaza, Verdiane akamutosha kule na pikipiki, wakaingia mu kambi ya bakimbizi hapa Kitshanga, na mukojo yake haikuacha tena kuwa na damu.

Figo ziliendelea kufa polepole, lopitali ilifanya yenye iliweza, akazima tarehe tisa mwezi wa tatu 2025, siku ya mungu asubuhi, aliomba kitu kimoya tu, kulala Kasindiro pembeni ya baba.

Védaste alienda kuuliza kwa Radi, kwa hiyo tunamushukuru, akarudi jana na jibu, maiti inaweza kupita, lakini kwa musalaba iandikwe alizaliwa Radiville, na kwa bariere tuseme vile. Familia ikakaa, bengine wakasema mbao ni mbao, mutu arudi kwa baba yake. Védaste akamuomba mujane:

« Shemeji, ni neno moya tu. »

Verdiane akamujibu: « Chefu, bwana yangu alikufa juu ya hiyo neno moya. Muchimbe hapa. »



Tunashukuru baganga na bainfirmier ba lopitali, bajirani ba kambi wenye walitoa kuni na sabuni, babapa ba fromaji wenye walibeba jeneza ku matope, na Mama Fifi, mwenye alitukatia kona ya shamba yake, maharagi ikiwa imeisha kuchanua.

Mbonigaba, kwa baba tulishindwa kukufikisha, utusamehe, lakini hapa tumekuzika na jina ya kwenu nzima, Kasindiro, hakuna mwenye aliikata. Lala sasa, mutoto wa mama, upumzike kwa amani.