Mbwa Alinenepa, Mimi Nikakonda

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Mlioko nyuma sijawasikia. Bwana asifiwe!

Mimi Mama Masanja mnanijua kwa makelele. Lakini nilipokuwa na mimba ya Masanja huyu nilikuwa kimya kwa hofu. Mume wangu alikuwa Geita kwenye machimbo ya dhahabu, nami nikabaki huku Shinyanga kwa mama mkwe. Mimba yangu ya kwanza ilikuwa imetoka, na watu walisema ni kwa sababu niliitangaza mapema. Kwetu mimba changa haitajwi, wabaya wasije wakasikia. Basi ya pili nikaificha, hata mama mkwe sikumwambia!

Lakini tumbo likakataa chakula. Ugali wa mtama ukiletwa tu, moyo unachafuka. Na wanawake tunakula pamoja, macho yote yako kwenye mkono wako. Nikawa namega tonge, najifanya natafuna, kumbe nimelificha kwenye kanga. Nikitoka nje namtupia mbwa. Asubuhi hivyo, jioni hivyo. Ndugu zangu, niliogopa! Nilijiuliza, mtoto huyu anakula nini humo ndani? Namuua kwa njaa mimi mwenyewe!

Siku moja lamboni, nikiinama kuchota maji, kizunguzungu kikanishika, nikaanguka na mtungi wangu. Nikashika tumbo pale kwenye matope nikalia, "Yesu, usimchukue na huyu! Sina wa kumwambia!" Sikujua hata kama yu hai.

Nilipofika nyumbani nimelowa chepechepe, mama mkwe alikuwa mlangoni.

"Mwanangu," akasema, "mbwa ananenepa, wewe unakonda. Kila uendako yuko nyuma yako. Unadhani sioni? Una mimba."

Nikaanguka miguuni pake, nikamweleza yote. Jamani, hakunigombeza!

"Mumeo nilimbeba hivyo hivyo," akasema. "Ugali sikutaka hata kuuona. Nilikunywa uji wa ukwaju, kidogo kidogo. Ukiutapika, kunywa tena."

Akapika. Funda la kwanza likarudi. La pili likakaa. Nisiwadanganye, hofu haikuisha siku ile. Niliogopa mpaka mtoto alipocheza tumboni. Lakini Bwana alimlinda! Masanja ndiye yule pale, anavuta kanga ya bibi yake. Asante Yesu!

Na wewe mama, sikutaji jina, unayetema mate kwenye leso tangu tuanze kuimba. Mtumaini Bwana, mwanangu. Tukitoka hapa pitia kwangu. Uji uko jikoni.